Uso Uliokuwa Chini ya Chokaa

Kabla ya kompyuta, studio yetu ya Karatu ilikuwa na koti. Lilikuwa koti moja la kijivu, lenye mabega makubwa, likining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango pamoja na tai ambayo fundo lake halikufunguliwa kamwe. Mteja aliivaa kwa kuipitisha kichwani. Mkulima aliyeteremka kutoka Qurus kuja kupiga picha ya pasipoti alivishwa koti hilo juu ya shati lake la shambani, na likimpwaya tulilibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Mbele alionekana karani wa wilaya. Nyuma alikuwa kama kamba ya nguo. Bado zipo nyumba Karatu ambako ukitazama picha za ukutani utaona wanaume wa koo zisizohusiana wamevaa koti lile lile, kila mmoja akiwa na uso wa mtu aliyeambiwa asipumue.

Mwenye studio alikuwa mzee wa Kilimanjaro aliyekuja na kamera yake miaka ambayo magari ya watalii yalikuwa yanaanza kuwa mengi. Makunyanzi ya mteja aliyapunguza kwa penseli laini juu ya filamu yenyewe, akiwa ameishikilia kwenye kioo cha dirisha. Doa alilikwangua kwa ncha ya wembe. Nilipofika kwake, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na sina mahali hasa pa kwenda, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchonga penseli hizo. Sikuwa na mpango wa kukaa. Nimekuwa mtu wa namna hiyo maisha yangu yote, na hata sasa, nikiwa nimevuka arobaini na nimelala katika miji ambayo mingine sikumbuki ilikuwa na mto au haina, Karatu ndiyo mahali ninaporudi kichwani bila kuitwa. Vumbi lake jekundu lilikuwa kwenye kila picha tuliyotoa, hata zile za ndani.

Kompyuta ilikuja katika miaka ya mwanzo ya elfu mbili, imeshatumika Arusha, skrini yake ina tumbo kubwa nyuma. Wakati huo kila mpiga picha alizungumzia programu moja tu ya kurekebisha picha, ile ya kulipiwa, ambayo sisi hatukuweza hata kuisogelea. Mzee alijaribu njia ya mkato: alinunua nakala ya wizi stendi, na nakala hiyo ikaja na kirusi kilichomeza harusi nzima kutoka Rhotia, bibi harusi, keki na kwaya. Baada ya hapo mgeni mmoja aliyekuwa akijitolea kufundisha sekondari alituachia sidii yenye programu nyingine, ya bure kabisa, isiyo ya kuibwa. Alama yake ilikuwa mnyama mdogo mwenye macho makubwa, kashika brashi mdomoni.

"Huyu ni nani? Panya?" mzee aliuliza.

"Naona kama bweha, mzee."

"Bweha. Haya. Lakini kitu cha bure kina mwenyewe, na siku moja atakuja kukidai."

Mwenyewe hakuja. Nilijifunza peke yangu, kwa kuharibu. Nilijua kuondoa wekundu wa macho, kung'arisha picha iliyopigwa jioni, na kutumia kifaa ambacho mimi nilikiita muhuri: unachukua kipande cha picha mahali pamoja, unakigonga mahali pengine, ukuta ukaziba ufa, nyasi zikafunika kopo lililotupwa. Nilikuwa kijana, na niliamini kuwa picha ni shamba. Chochote unachotaka kiwepo, unakipanda.

Katika hali hiyo nilimpokea mama mmoja kutoka Olbalbal, upande wa Ngorongoro.

Ilikuwa siku ya mnada, kiangazi kimekaza, ng'ombe wanaopita barabarani mifupa inahesabika. Aliingia na mwanawe mkubwa, ambaye nilimfahamu kwa sura. Alikuwa mlinzi wa loji moja juu ya mji. Mama alikuwa mrefu, amevaa shuka la bluu na shanga, vumbi limempanda mpaka magotini. Alinisalimia kwa Kimaasai nami nikaitikia kwa yale machache niliyoyajua. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akakiangalia kitambaa chetu cha kupigia picha, kilichochorwa maporomoko ya maji, akasema kitu.

Mwanawe akacheka kidogo. "Anauliza hayo maji yako wapi."

"Mwambie ni ya kuchora," nilisema.

"Ameshajua. Anakutania tu."

Yule mlinzi akatoa postikadi mfukoni na kuiweka juu ya kaunta. Ilikuwa miongoni mwa zile zilizouzwa kwenye maduka ya vinyago na kwenye mapokezi ya loji zote. Vijana watano waliotoka kutahiriwa walikuwa wamesimama kando ya barabara ya Serengeti, wamevaa kaniki nyeusi, manyoya ya mbuni yamewazunguka vichwa, nyuso zao zimechorwa kwa chokaa nyeupe kama ilivyo desturi katika kipindi hicho. Wageni walisimamisha magari kuwapiga picha. Chini ya picha kulikuwa na maandishi makubwa meupe ya kuwakaribisha watu Tanzania.

"Huyu wa pembeni," mlinzi alisema, "ni mdogo wangu."

Akanieleza kwa kifupi. Kipindi cha chokaa kilipoisha mdogo wake alioga, akanyolewa, akawa morani, kijana wa kulinda ng'ombe. Ukame ulipozidi alitumwa na wenzake kupeleka ng'ombe kaskazini, upande wa Enguserosambu, ambako ilisemekana bado kuna majani. Huko alishikwa na homa. Wenzake walimzika huko huko, na habari ikamfikia mama yake kwa miguu, pamoja na ng'ombe waliorudi. Nyumbani hakukuwa na picha yake hata moja. Wageni walimpiga nyingi, lakini wote waliondoka nazo kwao. Kisha jioni moja, akiwa zamu, mlinzi alimwona mgeni anazungusha kile kibao cha mapokezi kinachotundikwa postikadi, na mdogo wake akapita mbele yake, akazunguka, akapita tena.

"Nilinunua zote," alisema. "Mwezi ukaisha wakaleta nyingine."

Nilichukua bahasha na kalamu, kama nilivyozoea kwa kila mteja. "Jina lake nani, niandike?"

Mama akamtazama mwanawe, akaelewa nilichouliza bila kutafsiriwa, akageuza uso kuelekea yale maji ya kitambaani.

"Jina la aliyeondoka hatulitaji tena," mlinzi alisema kwa upole. "Andika tu kitu kingine."

Niliandika Olbalbal.

Alichotaka mama kilikuwa kitu kimoja, na alikirudia mara kadhaa ili mwanawe asikikosee. Tangu habari ile ifike, kila akijaribu kumkumbuka kijana wake anayemjia ni yule wa chokaa. Manyoya anayaona, michoro anaiona, lakini uso wa chini, ule alioulisha na kuufuta kamasi, ulikuwa unamponyoka. Alitaka picha ya uso huo kabla haujaisha kichwani mwake.

"Anasema umuoshe," mlinzi alitafsiri. "Umuoshe uso."

Niliiweka postikadi kwenye skana. Nilipoikuza, uso ukavunjika ukawa nukta nyingi za rangi, namna picha za kiwandani zilivyochapwa, na mlinzi akashtuka nyuma ya kiti changu.

"Umemharibu!"

"Subiri, ndugu yangu. Nukta zinaondoka."

Ziliondoka, nyingi. Nililainisha picha, nikaipunguza, nikainoa ili mistari ionekane, mpaka kijana akarudi, safari hii akiwa mkubwa kama kiganja. Macho yalikuwa yake, na meno kidogo. Kote kwingine, kuanzia paji la uso mpaka kidevu, ilikuwa chokaa. Nilijaribu kuitia giza chokaa ile. Ikawa ya kijivu, kisha ikawa kama matope. Hapakuwa na ngozi chini yake. Niliwaeleza kwamba kamera iliona chokaa tu, na kwamba ambacho kamera haikukiona hakimo.

Mama alisikiliza tafsiri, akauliza swali ambalo mlinzi alisita kulileta.

"Anauliza, kama chini ya chokaa hakuna uso wake, basi kuna nini?"

Mzee wa studio, aliyekuwa akifuta lenzi kwa pindo la shati, ndiye aliyejibu.

"Tatizo ni bweha wako. Kitu cha bure kitaona wapi chini ya chokaa? Ile programu ya Arusha, ya kulipiwa, ndiyo inaweza. Wapelekeeni wale."

Leo nashangaa jinsi wote tulivyokubali. Mlinzi alikubali, mama alikubali, na mimi niliyekuwa nimetoka kueleza vizuri kabisa kwa nini haiwezekani, nilikubali pia. Nilidhani kitu cha bei kubwa lazima kiwe na jicho ambalo sisi hatuna. Mama alibaki kwa ndugu zake karibu na uwanja wa mnada, na asubuhi mimi na mlinzi tukapanda basi la Arusha, postikadi iko katikati ya daftari ili isikunjike.

Studio ya Arusha ilikuwa na kiyoyozi na kijana fundi asiyeinua macho kwenye skrini. Hatukumaliza hata soda. Alimkata mdogo wa mlinzi kutoka kwa wenzake, akamkata kifuani, akamweka mbele ya rangi ya bluu kama anga la pasipoti. Kisha akafungua picha za wateja wengine, akachagua shavu hapa, paji la uso pale, akavifinyanga vikazunguka macho yale. Chokaa ikaondoka, na manyoya nayo. Tukaangaliwa na kijana mwenye ngozi laini, anayetabasamu kidogo, tayari kwa kitambulisho.

"Si mnaona?" fundi alisema. "Hii ndiyo tofauti."

Nilisisimka, siwezi kusema uongo. Ilikuwa kazi safi kuliko chochote nilichowahi kufanya. Mlinzi aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaishikilia hivyo ndani ya basi la kurudi mpaka tulipopita Makuyuni.

"Wewe hukumjua," aliniambia.

"Sikumjua."

"Mimi nimelala naye ngozi moja ya ng'ombe. Lakini nikiangalia hii picha sana," akaipigapiga bahasha, "naanza kukubali kwamba alikuwa hivi. Hilo ndilo linaniogopesha."

Hakuifungua tena mpaka Karatu.

Mama aliitoa picha kwenye bahasha akiwa amesimama mlangoni mwa studio, penye mwanga. Aliiangalia muda mrefu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya adabu, kama mtu anayesifia mtoto wa jirani.

"Anasema ni kijana mzuri," mlinzi alitafsiri, akiangalia chini. "Anasema ana mama yake mahali, Mungu amlindie. Lakini yeye hakumzaa huyu."

Mama akaongeza kitu, kidole kikiwa kwenye ile bluu iliyomzunguka kijana.

"Na anauliza mbona mmemwacha peke yake. Wenzake wako wapi?"

Hilo ndilo lililonipiga. Katika kazi yetu, kumheshimu mtu kwenye picha ni kumtoa kwa wengine. Kila picha ya marehemu tuliyowahi kutengeneza tuliitengeneza hivyo: harusi inakatwa, ubatizo unakatwa, anabaki yeye mbele ya kitambaa. Kwa mama huyu, kijana wa rika lile hali chakula peke yake, hatembei peke yake, hata maziwa hanywi bila mwenzake kuwepo. Tulikuwa tumemletea mwanawe akiwa katika hali ambayo hakuwahi kuwa nayo, na ambayo labda ndiyo aliyoiogopa zaidi alipowaza kaburi la Enguserosambu.

"Yeyo, tusamehe," mlinzi alimwambia mama yake kwa Kimaasai, na hilo hata mimi nililielewa.

Mama alimrudishia mwanawe picha ya Arusha. Akaomba postikadi. Nilidhani anataka kwenda nayo na yaishe, na nikaona aibu kwamba tumemzungusha bure. Lakini alikaa kwenye kiti, akaiweka postikadi kwenye paja, na badala ya kuuangalia uso akateremsha kidole polepole: kifua, mkono ulioshika fimbo, kaniki, magoti. Akafika chini, kwenye maandishi. Akasimamisha kidole hapo. Akasema jambo refu, na katikati yake mlinzi akaangua kicheko, kisha akafuta macho kwa kiganja.

"Angalia miguu," aliniambia. "Angalia yeye na uangalie wengine."

Niliinama. Wenzake wanne walisimama imara, miguu yote chini. Yeye, kwenye ukingo wa picha na mbele yao kidogo, alikuwa ameweka unyayo wa kushoto juu ya unyayo wa kulia.

"Amesimama hivyo tangu alipojua kusimama," mlinzi alisema. "Ardhi ya kwetu inaunguza. Alikuwa anamsubiri mama kwenye maji, hana kandambili, anapumzisha mguu mmoja juu ya mwingine, halafu anabadilisha. Alipopata kandambili za tairi hakuacha. Baba alikuwa anamtania, 'Wewe Mungu amekupa mguu wa kukanyaga na mguu wa kukalia.'"

Tulikuwa tumeitazama picha ile kwenye skrini kubwa, tumeipeleka mpaka Arusha na kuirudisha, na hakuna aliyeangalia chini ya kifua. Wa Arusha waliikata miguu na kuitupa.

"Sasa anataka hivi," mlinzi alisema. "Wote watano wawepo. Chokaa iwepo. Usimuoshe tena. Ila maandishi yatoke, maana yamemkanyaga miguuni. Halafu iwe kubwa."

"Sasa hiyo," mzee alisema, akinyanyuka kunipisha kwenye kiti, "hata bweha anaiweza."

Bweha aliiweza. Nilifanya kazi mchana ule na siku iliyofuata, umeme ukikatika na kurudi, mama akiwa pale pale kwenye kiti cha wateja na mlinzi akija alipotoka zamu. Maandishi mengi yalikuwa juu ya vumbi la barabara, na vumbi lilikuwa tele. Nilichukua vumbi la kulia nikagonga muhuri kushoto, herufi moja ikazama, kisha nyingine. Mama aliangalia zikitoweka. Kila moja ilipozama alitoa sauti ndogo kooni, kama mtu anayeona mwiba unatolewa.

Ilibaki herufi ya mwisho. Ilikuwa imesimama juu ya ule mguu wa kushoto, ikifunika vidole. Nusu yake, iliyoangukia vumbi, niliiondoa. Nusu nyingine ilikuwa juu ya mwili.

Nilijua la kufanya. Lilikuwa jepesi kuliko yote. Mwenzake aliyesimama kando yake alikuwa na vidole vizuri, mwanga ule ule, vumbi lile lile. Nilitaka tu ruhusa.

"Mwambie hapa naweza kuchukua vidole vya huyu mwingine niviweke. Hakuna atakayejua."

Mlinzi alitafsiri. Mama akauliza, taratibu, akiwa amekiangalia kioo cha kompyuta na si sisi.

"Vidole vya mwenzake?"

"Ndiyo, mama."

"Na vyake viko wapi?"

Mzee akakohoa. Mimi nikaondoa mkono kwenye kipanya.

"Vimefunikwa na herufi," nilisema. "Kamera iliviona, lakini waliochapa kadi waliandika juu yake."

"Hiyo herufi inasema nini?"

"Ikiwa peke yake haisemi kitu."

Mlinzi alimpelekea jibu hilo. Nje ng'ombe walikuwa wanapitishwa kwenda kunywa maji, na wachungaji wanawapigia miluzi.

"Basi iache," mama alisema, kwa Kiswahili, bila kumsubiri mwanawe.

Niliiacha. Tulichapa kwa karatasi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo. Rangi haikuwa sawa. Nyeusi ya kaniki ilitoka na uzambarau kidogo, na ukisogea karibu ulizikuta nukta za kiwandani hazijaisha zote. Mzee aliifunga ndani ya plastiki ngumu, akanieleza kuwa moshi wa nyumba za kule utaila karatasi tupu. Picha ya Arusha, yule kijana mzuri mbele ya bluu, mlinzi aliomba tuichome, na mzee akaichoma nyuma ya studio kwenye bati la majivu. Ilinuka vibaya.

Mama aliishika picha yake mbele, kwa mikono iliyonyooka, kama mtu anayebeba sinia. Vijana watano walimwangalia na nyuso zao za chokaa. Akaweka kidole gumba juu ya ile nusu ya herufi, akaifunika kabisa, akaangalia mguu. Akakitoa. Akafunika tena. Kisha akaiweka picha kwapani, chini ya shuka, akanipa mkono, akamfuata mwanawe kuelekea kwenye magari ya kupanda Ngorongoro.